Mita inasema 60, gari inakwenda 70: kabla hujampakia mwanao, iulize difu

1.
Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mnaosoma kimya kimya bila ya kuandika kitu. Mmezoea kuniona hapa nikizungumzia chanjo, homa, kitovu cha mtoto na maziwa yanayogoma kutoka. Leo nataka kuzungumza gari. Ndio, gari, na tena ile sehemu ya chini kabisa yenye mafuta meusi ambayo wengi wetu hatujawahi kuiangalia. Inaitwa difu. Naomba msinikimbie. Nitakwenda polepole, na mwisho mtaona kwa nini hili ni jambo la nesi kabisa.

2.
Sisi tunaoishi Mji Mkongwe tunajua mambo yetu. Gari haiingii kwenye vichochoro. Asubuhi unamshika mtoto mkono, mkoba wa skuli begani, mnatoka mpaka Darajani, mnasubiri gari ya skuli. Familia 11 tumeungana, tunamlipa dereva kila mwezi, anawapeleka na kuwarudisha. Gari ni Hiace ya zamani ya dizeli. Dereva ni mtu mzima, mstaarabu, havuti sigara, watoto wanamwita Ami. Mnajua tulimuuliza nini siku tulipokubaliana naye? Bei. Saa ya kupita. Na kama muziki wake una matusi. Basi. Kuhusu gari yenyewe hatukuuliza hata neno moja.

3.
Jumamosi moja tukawapeleka watoto Jozani kuangalia kima punju. Mimi nikakaa mbele. Baada ya kupita Tunguu barabara imenyooka, nikafungua ramani ya simu nione bado dakika ngapi. Ile ramani inaonesha na mwendo. Nikaona 70. Nikatupa jicho kwenye dashibodi, mshale umetulia kwenye 60.

Nikamwambia, "Ami, mbona simu inasema 70?"

Akacheka. "Sista, simu hizo hujui zinadanganya? Gari ndo hiyo, angalia mwenyewe."

Nikaangalia tena na tena mpaka tunafika. Mshale 50, simu 58. Mshale 60, simu 70. Tofauti haikuwa ya kubahatisha, ilikuwa ni ile ile kila mara. Na mimi kazini nimefundishwa kitu kimoja: kosa linalojirudia vile vile kila mara lina sababu.

4.
Sababu niliipata Jumatatu kwa kuuliza tu. Miezi kadhaa nyuma difu ilikuwa inalia. Fundi akaitoa, akafunga nyengine ya mtumba kutoka kwenye gari nyengine ya Toyota. Ikakaa bila taabu, kelele ikaisha, na Ami akafurahi zaidi kwa sababu "gari imekuwa nyepesi, inakimbia". Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Ila hakuna aliyehesabu meno.

5.
Sasa sikilizeni hii habari ya meno, ndo kiini cha maneno yangu yote.

Kwenye gari inayosukumwa na tairi za nyuma, injini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha ule mti mrefu wa chini unaoitwa propela, na propela inaingia kwenye difu. Ndani ya difu kuna gia ndogo, pinioni, inayosukuma gia kubwa, krauni. Kama krauni ina meno 41 na pinioni ina meno 9, gawa 41 kwa 9, unapata 4.556. Maana yake propela inazunguka mara nne na nusu na ushei ili tairi zizunguke mara moja. Kama krauni ina meno 43 na pinioni 11, unapata 3.909. Hapo propela haifiki hata mizunguko minne, tairi tayari zimemaliza mzunguko wao.

Kwa nje maganda ya difu hizi mbili yanaweza kufanana kama mapacha. Tofauti iko ndani, kwenye hesabu.

6.
Fikiria kuteka maji kisimani. Ukiwa na ndoo ndogo unavuta mara nyingi, lakini kila mvuto ni mwepesi, hata ukiwa na mimba ya miezi saba utateka. Ukiwa na ndoo kubwa unavuta mara chache, pipa linajaa upesi, lakini kila mvuto unakukata mgongo. Difu ya namba kubwa, kama 4.556, ni ndoo ndogo: gari inaondoka vizuri na mzigo, inapanda, haina papara. Difu ya namba ndogo, kama 3.909, ni ndoo kubwa: ikishashika kasi inakwenda mbali kwa mizunguko michache ya injini, lakini kuondoka na mzigo ni shida.

Kwa hiyo difu ni ya kazi gani? Hilo ndo suala. Zile gari zetu za mbao zenye namba, 116 ya Nungwi au 309 ya Jambiani, zimejengwa juu ya chesisi za lori. Lori limepangiwa difu ya kubeba. Ndo maana inabeba watu, magunia, matenga ya samaki na kitanda juu ya paa, inakwenda taratibu lakini inafika.

7.
Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 12 na ukuta wake umejaa picha za gari za Kimarekani za zamani, Mustang, Camaro na Pontiac GTO ya 1964. Nilipoanza kuuliza habari za difu yeye ndo akawa mwalimu wangu. Akanambia Marekani miaka ile mnunuzi alikuwa anachagua hesabu ya difu pale pale anapoagiza gari. Anayesafiri masafa marefu anaomba ndogo, kama 3.08, injini itulie. Anayetaka kushindana kwenye mbio fupi za robo maili, kama mita 400 hivi, anaomba kubwa, kama 4.10, gari iruke kama imeumwa na nyuki. Injini ile ile na bodi ile ile, lakini difu inaigeuza gari tabia.

Nikawaza, vijana wale walikuwa wananunua gari ya kuchezea na bado walijua hesabu ya difu yao. Sisi tunapakia watoto 14 na hatujui.

8.
Sasa utauliza, kwa nini mshale ulisema uongo? Kwenye Hiace ya namna ile, waya wa mita ya spidi unatoka kwenye giaboksi. Mita haiangalii tairi hata kidogo. Inahesabu mizunguko ya propela tu, halafu inaamini kwamba huko nyuma kuna difu ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Tupige hesabu. Tuseme tairi ikizunguka mara moja gari inasogea mita 2. Kwa mwendo wa 60, gari inakwenda mita 1,000 kwa dakika, tairi zinazunguka mara 500. Kwa difu ya 4.556, propela inazunguka mara 2,278. Mita inaona 2,278 inaonesha 60. Sawa kabisa.

Weka difu ya 3.909. Propela inazunguka zile zile 2,278, mita inaonesha 60 ile ile. Lakini tairi sasa zinazunguka karibu mara 583. Gari inakwenda 70.

9.
Manesi wenzangu hapa watakuwa wameshashtuka, kwa sababu hii ni habari ya dripu. Kuna seti ya dripu ambayo matone 20 ni mililita moja, na kuna seti ya watoto ambayo matone 60 ni mililita moja. Ukitoa seti ya matone 60 ukafunga ya matone 20, halafu ukaendelea kuhesabu matone yale yale kwa dakika, mtoto anapata maji mara tatu ya alioandikiwa. Matone umehesabu sawa, saa yako ni nzima, na mtoto bado anazama.

Mimi siwezi kufunga dripu ya mtoto bila ya kusoma seti. Lakini nilimpakia mwanangu miezi kadhaa kwenye gari iliyobadilishwa seti. Wallahi nilijiona mjinga.

10.
Kuna atakayesema, "Sista, tofauti ya 10 tu, ndo unatujazia ukurasa?" Ndio, kwa sababu ya mambo matatu.

La kwanza, nguvu ya mgongano haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Kutoka 60 mpaka 70, nishati inayokuja kumpiga mtoto inaongezeka kwa asilimia 36. Zaidi ya theluthi, kwa hicho unachokiita kumi tu.

La pili, dereva akiona mtoto ameingia barabarani, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 60, sekunde hiyo ni karibu mita 17. Kwa 70 ni zaidi ya mita 19. Hizo mita zilizozidi ni ndefu kuliko kitanda chako, na breki bado haijaguswa.

La tatu, Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Na linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Tunawapigania watoto wetu kwa chanjo mpaka wafike miaka mitano, halafu tunawakabidhi kwa barabara bila suali hata moja.

11.
Kuna jambo la nne, hili nimeliona kwa macho yangu na sijalisoma popote. Gari iliyofungwa difu ya ndoo kubwa inachoka kuondoka. Ukiipakia watoto 14, gia ya kwanza inalia na klachi inanuka. Sasa dereva afanye nini? Anaanza kuchukia kusimama. Akifika kwenye tuta hapunguzi sana, maana kuirudisha kasi ni kazi. Akiona watoto wanataka kuvuka anapiga honi badala ya kushika breki. Kwenye kona anaachia iende. Ami wetu hakuwa mtu wa haraka, lakini miezi ile tulianza kusema, "Ami siku hizi kabadilika." Hakubadilika yeye, ilibadilika difu.

12.
Tugusie na injini, maana nayo ina ukoo wake. Injini zina familia kama sisi. Wamarekani waliitoa V8 ndogo ya Chevrolet mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, halafu ikazaa ya 283, ya 327 na ya 350. Mifupa ya ukoo ule ule, vifua vikubwa zaidi.

Toyota wanafanya hivyo hivyo. Herufi ndo jina la ukoo, namba ya mbele ndo mtoto wa ngapi. Ukoo wa L, ambao ndo wa Hiace nyingi za dizeli, una 2L ya ujazo wa lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. Kwa vile ni ndugu, fundi anaweza kuitoa 2L akaiweka 5L bila ya kuhangaika sana. Lakini kuna 1KZ, nayo ni ya lita 3.0, na huyo si ndugu kabisa, ni ukoo mwengine, spea zake mbali. Kwa hiyo mtu akikwambia "injini ni ya tatu elfu" hajakwambia kitu. Muulize ukoo.

Kwa nini mama ajali? Kwa sababu ukiongeza injini yenye nguvu, breki hazikui. Breki zinabaki zile zile za injini ndogo. Jumlisha na difu ya mbio, hapo una gari inayokimbia kuliko ilivyopangiwa, inayosimama kama zamani, na mita yake inakuficha.

13.
Sasa la kufanya. Sikwambieni mkawe mafundi. Nakwambieni mkaulize masuali manne kabla hamjalipia mwezi ujao.

Moja: difu imewahi kubadilishwa? Kama ndio, hesabu yake ni ile ile? Kwenye gari nyingi za Toyota kuna kibati cha chuma chenye maandishi, palipoandikwa TRANS/AXLE. Namba ya mwisho pale ndiyo ya difu iliyotoka nayo kiwandani. Fundi anayejua kazi ataisoma.

Mbili: injini ni ukoo gani, na ndiyo iliyokuja na gari? Linganisheni namba ya injini na ile ya kwenye kadi ya gari.

Tatu: tairi ni saizi ile ile? Tairi kubwa kuliko ya asili nayo inaifanya mita iseme pungufu. Hili linawahusu hata nyinyi wenye Vitz na IST, ambazo difu yao imo pamoja na giaboksi huko mbele.

Nne: mita inasemaje ukilinganisha na simu? Kaa mbele, siku ya barabara iliyonyooka, mwendo uwe mmoja kwa dakika nzima. Anayeangalia simu awe abiria, si dereva. Mita nzima huwa inasema sawa au inazidisha kidogo. Ikisema pungufu ya simu, simamisha safari, kuna kitu.

14.
Na kama fundi anabisha, kuna njia ya kuhakikisha. Gari isimame sawa, inuliwe nyuma, iwekwe juu ya stendi imara, gia iwe huru. Narudia, stendi, mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, wale nimewapokea na sitaki kuwapokea tena. Halafu tairi zote mbili za nyuma zizungushwe pamoja mara 10, na mtu ahesabu propela. Difu ya 4.556 itatoa mizunguko 45 na nusu. Yetu ilitoa 39. Fundi mwenyewe alikaa chini, akafuta mikono, akasema, "Haya, tutafute ya kwake." Sikumlaumu. Alifunga kilichokuwepo, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

15.
Familia 11 tukachanga. Wapo walionung'unika, na nawaelewa, maisha magumu. Mama mmoja alisema, "Gari ngapi humu mjini zina difu za mtumba na hazijapata ajali?" Nyingi, mama yangu. Na difu ya mtumba si dhambi, karibu kila kitu chetu ni cha mtumba, hata hiyo iliyofungwa sasa ni ya mtumba. Tofauti ni kwamba hii imehesabiwa meno, 41 kwa 9. Kwamba wengi hawajafikwa ni rehema ya Mungu. Na rehema haitupi ruhusa ya kuacha kuuliza.

Wiki ya kwanza Ami alilalamika, "Sista, gari imekuwa nzito." Wiki ya pili akanyamaza. Wiki ya tatu mwanangu akanambia Ami amerudi kusimama kwenye kivuko akiwaachia watoto wa skuli nyengine wapite.

16.
Rai yangu ni hii, na atakayepinga apinge kwa hoja hapa chini. Mkataba wa gari ya skuli usianze na bei, uanze na gari. Wazazi tuandike kwenye karatasi: difu hesabu kadhaa, injini ukoo kadhaa, tairi saizi kadhaa, mita imelinganishwa na simu tarehe kadhaa. Karatasi moja, kama kadi ya kliniki. Mtoto wako ana kadi ya kliniki tangu siku aliyozaliwa. Gari inayombeba mara mbili kwa siku nayo iwe na yake.

Na mtu akikusifia kwamba gari yake "siku hizi imekuwa nyepesi", usicheke naye. Muulize kafunga difu gani.

Jumatatu asubuhi, mama, kaa mbele. Ukirudi niandikie hapa: mshale ulisema ngapi, simu ilisema ngapi. Nitawajibu wote nikitoka zamu ya usiku.